Kivuli Kilichochelewa

Kama nyumbani kwako kuna mtu mwenye ugonjwa wa kamera za zamani, isome hadithi hii ukiwa umekaa. Kama mgonjwa ni wewe mwenyewe, isome hata hivyo, ingawa sidhani utaipenda.

Ilianza na kikombe cha chai, asubuhi ya siku ya mapumziko. Mtaani walimwita Fundi Saa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza saa, na asubuhi hiyo alikuwa sebuleni kwake amebana jicho kwenye kamera mpya. Mpya kwake tu, maana ilikuwa na umri wa kumzidi yeye. Alimlenga mkewe, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha karibu na dirisha. Mkewe akainua kikombe. Ndani ya kamera kivuli chake nacho kikainua kikombe, lakini baadaye kidogo.

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu siku hizi watu wanapiga picha kwa simu na hawajui raha wala taabu ya vitu hivi. Kamera za aina hiyo hazikuonyeshi dunia kupitia lenzi. Juu yake zina madirisha mawili madogo yaliyoachana kama macho ya mtu. Ukichungulia, unaona picha moja safi, na katikati yake, ndani ya kimraba cha manjano, unaona kivuli cha picha hiyo hiyo kinachotoka dirisha la pili. Unazungusha lenzi polepole mpaka kivuli kimlalie mwenye kivuli. Vikiwa kitu kimoja, umbali umepatikana, unabonyeza. Kivuli hicho kinaweza kukaa kando, kinaweza kupanda juu kidogo au kufifia kwa uzee wa vioo. Kuchelewa hakiwezi, kwa sababu mwanga ni ule ule mmoja.

Na kama kuna kitu Fundi Saa alikijua duniani, ni kuchelewa. Alikadiria nusu sekunde.

"Inua tena kikombe," akamwambia mkewe.

"Chai yenyewe imekwisha."

Kweli ilikuwa imekwisha, na sehemu kubwa ilikuwa kwenye kisahani. Kwa muda mrefu sasa mama huyo alikuwa akimimina chai nusu inaingia, nusu inamwagika pembeni, na mumewe alishapata mzaha wake wa kila asubuhi: "Mama Kidosho, unakinywesha kisahani kwanza?" Mara ya kwanza walicheka wote wawili. Kufikia mara ya ishirini alikuwa akicheka peke yake, na hakuona tofauti. Mkewe alikuwa pia na mtindo wa kujigonga bega la kushoto kwenye miimo ya milango. Kwa hilo Fundi Saa alikuwa na mzaha mwingine, kuhusu unene, ambao sitaurudia hapa.

Kidosho ni binti yao wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine. Alipohama, mama yake alisema chumba chake kingefaa kwa cherehani. Wiki haikuisha, baba alikuwa amekiziba madirisha kwa mbao nyeusi, ameweka mabeseni matatu na taa nyekundu, na amepigilia rafu za kupanga kamera zake arobaini na moja. Kikawa chumba cha giza, cha kusafishia picha. Cherehani ikabaki jikoni, imefunikwa shuka.

Hii kamera ya arobaini na mbili aliipata kwa mjane wa mpiga picha wa pasipoti, anayeishi nyuma ya posta. Alikwenda kwa yule mama mara tatu kuibembeleza. Mara ya tatu mjane alichoka, akamwekea mikononi.

"Chukua," alisema. "Lakini usiirekebishe. Ilivyo ndivyo iwe hivyo hivyo."

"Hiyo ahadi nakupa," alisema Fundi Saa, na wakati anaisema alishaanza kutafuta kwa macho skrubu ilipo.

Siku ya pili baada ya ile asubuhi ya chai alifunga duka mapema. Ili kulinganisha madirisha ya kamera kama hiyo unahitaji kitu chenye mstari ulionyooka, mahali usipokisogeza, kwa umbali uliopimwa. Yeye alipima hatua kwa futi ya chuma kutoka meza ya sebuleni hadi mwimo wa mlango, akaifunga kamera kwenye stendi yake, akatoa kifuniko kidogo cha mbele na kuingiza bisibisi isiyozidi unene wa sindano. Alikuwa hajaanza hata kuzungusha pale mkewe aliposimama mlangoni, akijifuta mikono kwa kitambaa.

"Baba Kidosho, nina jambo nataka kukwambia."

"Hapo hapo," alisema yeye, jicho likiwa kwenye kamera. "Umesimama pazuri kabisa. Usitikisike."

"Ni la muhimu kidogo. Leo asubuhi nilikwenda..."

"Nyamaza kwanza. Ukiongea unatikisika."

Mkewe akanyamaza. Alitupia kitambaa begani, akaweka mkono wa kushoto kwenye mwimo na kufunga mdomo, kama alivyoambiwa. Fundi Saa akazungusha bisibisi akiwa amebana pumzi, na kile kivuli kikaanza kusogea kumwelekea mkewe. Aliona kitu, siwezi kumtetea kwamba hakuona. Aliona kwamba mkewe pale mlangoni alikuwa amefunga mdomo, lakini kivuli chake ndani ya kimraba kilikuwa kinatabasamu. Akajiambia ni vioo vilivyozeeka. Akaongeza robo ya mzunguko, na nyingine, na kivuli kikamwingia mkewe taratibu, bega kwa bega na uso kwa uso, kikakaa.

Palitokea harufu ya kitambaa kilichoungua. Akaangalia pazia la kamera, kile kitambaa cheusi cha ndani kinachofunguka na kufunga, maana jua likiingia kwenye lenzi huweza kukitoboa. Kilikuwa kizima.

"Haya," alisema, akinyoosha mgongo. "Sema sasa."

"Si kitu," alisema mkewe, akitabasamu. "Nimesahau."

Baada ya hapo zikaja siku tisa ambazo Fundi Saa aliziita, moyoni mwake, siku njema. Chai ilimiminwa mpaka ukingoni bila tone kudondoka. Mkewe alipita milangoni bila kujigonga. Hakuuliza kwa nini beseni la kufulia lina dawa za picha. Akiombwa kukaa apigwe picha alikaa, saa nzima kama ni lazima, mikono mapajani, asikune hata pua. Mwanamume mwingine angeshtuka. Huyu alifurahi, tena alimsifia mkewe mbele ya wateja dukani kwamba uzee umemtuliza.

Kilichomshtua kilikuwa sauti. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, jua liko wima, na mkewe alikuwa amejinyoosha kitandani, naye alipitia chumbani kutafuta miwani yake. Kamera hizi ukiziweka kwenye mwendo wa sekunde nzima, pazia hufunguka, vijigurudumu vya ndani vinahesabu kwa mlio mwembamba, zzzzt, halafu pazia linafunga, tk. Huo ndio mlio alioufuata, akidhani ameacha kamera fulani kwenye kabati, akainama chini ya kitanda, akafungua droo, akasimama katikati ya chumba akisikiliza kwa lile sikio lake la saa ambalo halikuwahi kumdanganya, na sikio likampeleka hatua kwa hatua mpaka ubavuni mwa mkewe, mpaka juu ya kifua chake, ambako alikuta kwamba mama huyo alipovuta pumzi hakukuwa na sauti yoyote ya pumzi, bali kitu kilifunguka, kikahesabu kwa vijigurudumu, zzzzt, kikafunga, tk, na baada ya hapo kikatulia sekunde nzima kabla ya kufunguka tena, na alipoinua macho kutoka kwenye kile kifua aliona kwamba mkewe hakuwa amelala, alikuwa akimtazama, na sijui alikuwa amemtazama kwa muda gani.

"Unatafuta nini, bwana?" aliuliza kwa upole.

"Miwani," alisema Fundi Saa.

"Iko kichwani kwako."

Alasiri hiyo hiyo, kwa sababu mikono yake ikiwa na hofu ilihitaji kazi, alikwenda kusafisha mkanda uliokuwa ndani ya ile kamera. Aliupiga siku za furaha, picha thelathini na sita: mkewe jikoni, mkewe uani akianika nguo, mkewe kwenye kiti cha dirishani. Alipotaka kuutoa akagundua kosa ambalo kila mwenye kamera za namna hii amelifanya walau mara moja na hapendi kulisimulia. Kifuniko cha lenzi kilikuwa mahali pake. Kila siku alikiweka kulikinga pazia na jua, na kwa kuwa jicho linachungulia dirisha lake lenyewe, unaweza kupiga mkanda mzima huku lenzi imefumba na wewe unaona kila kitu vizuri tu. Hapakuwa na mwanga ulioingia. Mkanda huo ulitakiwa utoke mtupu kama kioo.

Aliusafisha hata hivyo, kwa uchoyo wa dawa aliyokwisha kuichanganya. Alipouinua kwenye taa nyekundu, maji yakitiririka kwenye kiwiko, kila fremu ilikuwa na picha.

Jikoni haikuwepo, wala ua, wala kiti cha dirishani. Fremu zote thelathini na sita zilikuwa za mlango wa sebuleni. Mkewe alikuwa amesimama hapo, mkono wa kushoto kwenye mwimo, kitambaa begani, mdomo umefungwa. Katika picha ya kwanza alikuwa amesimama hivyo, na katika ya thelathini na sita alikuwa amesimama hivyo. Hakutikisika.

Fundi Saa alichapisha moja kwenye karatasi, kubwa. Uso ulipojitokeza kwenye beseni aliona doa jeupe, kama ukungu, juu ya jicho la kushoto. Akarudi kwenye mkanda, akaifuta fremu ile kwa kitambaa laini, akachapisha nyingine. Doa lilikuwepo. Akachukua brashi yake ya nywele tatu na wino wa kijivu, na huku anajua kwamba yule aliyemo jikoni akiimba kwa sauti ya chini si mkewe, mtu huyu aliinama juu ya picha na kulifunika lile doa, nukta kwa nukta, mpaka jicho likawa safi. Mazoea ni kitu kibaya sana.

Jioni hiyo mjane alizitazama zile picha akiwa mlangoni kwake na hakumkaribisha ndani.

"Nilikwambia," alisema.

"Ulijuaje?"

"Mimi nimekaa humo siku tisa. Nilikwenda kumwambia mume wangu neno, akaniambia subiri nimalize kuilinganisha. Basi nikasubiri. Huko hakuna kiti, hakuna mchana. Unasubiri tu, hivi hivi kama huyu wako." Aliirudisha ile picha. "Hawa wakaao kwenye kivuli wanaingia penye neno lililokatwa, wanalishikilia. Mwenye kulikata akilimalizia, wanakosa pa kushika. Mume wangu aliulizwa nilitaka kusema nini, akajibu."

"Ulitaka kusema nini?"

"Kwamba viatu vipya alivyoninunulia vinanibana, na sitaki kumvunja moyo." "Alikuwa ameona ninavyovivua chini ya meza. Akailegeza ile skrubu na hakuigusa tena mpaka kufa kwake. Mimi sikuthubutu kuivunja. Wewe ndiye uliyekuja mara tatu."

Akamwelekeza kwa Mama Ubani, aliyekuja kwao wakati ule.

Mama Ubani hakuwa na mambo makubwa. Kazi yake ilikuwa udobi, mikono yake ilikuwa imekauka kwa sabuni, na alikuja alasiri ya siku iliyofuata akitoka kupiga pasi mashuka ya watu, na chetezo kwenye mfuko wa plastiki. Kabla ya kuingia alimsimamisha Fundi Saa ukumbini, akazitazama picha moja moja.

"Hiki nini, hapa jichoni?" Aliuliza kwa sauti ya chini, akionyesha ile ambayo haikupakwa wino.

"Vumbi la mkanda."

"Kwenye zote?"

"Mikanda ya zamani ndivyo ilivyo."

Mama Ubani alimtazama. "Nisikilize, baba. Utaulizwa mara moja na utajibu mara moja. Hakuna kurudia. Una uhakika na hilo neno?"

"Ninalo. Nimelifikiria usiku kucha."

"Una binti. Umempigia simu?"

"Yuko mbali, na sitaki kumtia hofu. Na mke wangu namjua mimi. Miaka thelathini na miwili."

"Wengi huniambia hivyo," alisema Mama Ubani, akavua kandambili na kuingia.

Alimketisha yule mwanamke kwenye kiti cha dirishani. Hakukataa, alikaa kwa adabu, mikono mapajani. Ubani ulipowashwa moshi ulipanda wima, ukafika usawa wa uso wake, ukaanza kuvutwa ndani na kutolewa, ndani na nje, na kila ulipovutwa ulisikika ule mlio wa vijigurudumu, zzzzt, tk. Harufu ya kitambaa kinachoungua ikashinda ya ubani. Mapazia ya dirishani hayakuguswa na mtu, lakini chumba kilizidi kuwa cheusi kuanzia pembeni, kama karatasi ya picha iliyoachwa kwenye dawa kupita kiasi, mpaka wakabaki wanaona kiti, moshi na ule mlango.

"Wewe ni nani?" aliuliza Mama Ubani.

"Mpangaji," alijibu, kwa sauti ile ile ya mama wa nyumba. "Sikuvunja. Mwenye nyumba alinifungulia kwa bisibisi yake."

"Umeshika nini?"

"Neno. Lilikatwa hapo mlangoni likiwa halijafika nusu. Nimelitunza vizuri."

"Aliyelikata akilimalizia utatoka?"

"Nitatoka." Uso ule ukamgeukia Fundi Saa. "Haya, bwana. Nilikuja kukwambia nini?"

Alipiga moyo konde. Alikuwa na hakika. Ni jambo lililomkera mkewe miaka yote, na usiku ule alilikiri mwenyewe kwa mara ya kwanza, hata akaona aibu, na akaona kwamba aibu ile ndiyo dalili ya kuwa amepatia.

"Ulitaka chumba," alisema. "Chumba cha Kidosho. Ulitaka nitoe kamera zangu uweke cherehani yako. Nitazitoa. Leo hii nitazitoa zote, mke wangu."

Moshi ulisimama. Kwa muda hapakusikika hata ule mlio.

"Hapana," alisema yule kitini. Hakucheka, na afadhali angecheka. "Hilo la chumba aliliacha mwaka juzi. Alishalilia likaisha."

Mwanga ukarudi chumbani taratibu. Mama Ubani akamwagia chetezo maji, akakifunga kwenye mfuko wake.

"Jaribu tena," alisema Fundi Saa. "Mama, nakuomba. Niulizwe tena."

"Nilikwambia, baba."

"Sasa nifanye nini?"

"Usiivunje hiyo kamera, kwa sababu mkeo yumo. Zaidi ya hapo sina." Alipofika mlangoni alisita, akapita kiubavu, kama mtu anayempisha mwenzake aliyesimama njiani.

Jua lilikuwa halijazama simu ilipolia. Alikuwa Kidosho.

"Baba, mbona mama hapokei simu yangu siku zote hizi? Nimempigia daktari wake, anasema hakwenda."

"Daktari gani?"

"Wa macho. Si alipangiwa upasuaji? Daktari alisema ikizidi wiki mbili jicho la kushoto haliwezi kuokolewa tena."

Kwenye meza mbele yake ilikuwa ile picha kubwa, na jicho alilolisafisha kwa brashi lilikuwa linamtazama.

"Baba? Hakukwambia? Mama alisema anatoka hospitali siku hiyo hiyo akwambie, kwa sababu anaogopa kwenda peke yake. Anataka umsindikize." Kidosho akashusha sauti. "Karibu mwaka mzima haoni upande ule. Anamwaga chai. Anajigonga milangoni. Mimi niliona siku mbili tu nilizokuja. Baba, wewe hukuona?"

Fundi Saa alikata simu bila kuaga. Yule mwingine alikuwa amesimama jikoni kando ya cherehani, akisikiliza, kichwa kimeinama kidogo.

"Jicho," alisema Fundi Saa. "Lilikuwa jicho."

"Ndiyo," alisema yule, kwa upole uleule. "Na alitaka umshike mkono."

Fundi Saa alikwenda kuchukua bisibisi. Aliirudisha skrubu ilivyokuwa, robo kwa robo, akakwaruza shaba kwa haraka, kisha akaiweka kamera jichoni na kuelekea mlango wa sebuleni. Mlangoni hapakuwa na mtu. Lakini ndani ya kile kimraba cha manjano, hafifu, alikuwepo mkewe, mkono kwenye mwimo. Ukungu ulikuwa umeshalijaza jicho la kushoto na ulikuwa unaanza kwenye la kulia.

"Sema," alimwambia. "Mke wangu, sema sasa, nakusikiliza. Unaweza kutikisika. Ongea."

Kamera haipitishi sauti. Mkewe aliendelea kusimama na mdomo wake umefungwa, kama alivyoagizwa, uso ukielekea mahali ambapo mara ya mwisho alimsikia mumewe. Fundi Saa alizungusha lenzi kulia, akaizungusha kushoto, ikafika mwisho wake huku na huku. Kivuli hakikupata wa kumlalia.

Nyuma yake kiti kilivutwa. Alisikia sahani zikipangwa, birika likiinuliwa, chai ikishuka kikombeni kwa mkono usiotetemeka.

"Njoo unywe ingali moto," alisema yule. "Halafu utanipiga picha. Nitatulia."

Fundi Saa alikuja akaketi, kwa kuwa hapakuwa na kwingine pa kwenda. Alikiinua kikombe kwa mikono miwili, na kabla ya kunywa akapitisha kidole chini yake, kwenye kisahani, akakizungusha pembezoni mwote, polepole, akitafuta hata tone moja.

Kisahani kilikuwa kikavu.